Vita kwenye ubao: Jenga daiorama ya Taveta, na usimsahau mpagazi

INGIA YouTube utafute watu wanaojenga modeli za kijeshi, halafu jiandae kupoteza wikendi nzima. Utaona mtu mzima aliyetumia miezi sita kuunda kifaru cha Kijerumani kinachotoshea kwenye boksi la viatu. Amehesabu boliti moja moja. Amekipaka kutu, amekirushia matope kwenye minyororo, kisha amekiweka kando ya ukuta uliobomoka katika kijiji fulani cha Ufaransa, mwaka wa 1944.

Mandhari hayo madogo, yenye ardhi, watu, magari na tukio, ndiyo huitwa daiorama. Neno lenyewe lilianzia Paris mwaka wa 1822, Louis Daguerre alipofungua ukumbi wa kuonyesha picha kubwa zilizobadilika kwa ujanja wa mwanga. Siku hizi tunalitumia kwa dunia ndogo unayoweza kuibeba kwa mikono miwili.

Labda unauliza, kwani hiyo inanihusu nini mimi wa Umoja au Likoni? Inakuhusu kwa sababu moja kubwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa hapa kwetu, kwenye barabara ile ile ya Voi kwenda Taveta ambayo leo matatu hupita kila siku. Wanaojenga vijiji vya Ufaransa ni maelfu. Wanaojenga Taveta ni wa kuhesabu. Na wengi wa wale wachache humwacha nje mtu aliyevibeba vita hivyo kichwani.

Kwa hivyo leo tunakupa mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kuanza kujenga daiorama kwa vifaa vya mtaani, na jinsi ya kuijenga iwe ya kweli.

Skeli kwanza, mengine baadaye

Kabla ya kununua gundi, chagua skeli. Skeli ni uwiano kati ya kitu halisi na modeli yako. Zilizo maarufu katika modeli za kijeshi ni 1/35 na 1/72. Kampuni ya Tamiya ya Japani ndiyo iliyoisambaza 1/35 duniani kote, nayo Airfix ya Uingereza imelea vizazi kadhaa vya watoto kwa 1/72.

Hesabu zake ni nyepesi. Mtu wa mita 1.75 ukimgawanya kwa 35 anakuwa sentimita tano. Ukimgawanya kwa 72 anakuwa na sentimita mbili na nusu hivi. Wa 1/35 unaweza kumwonyesha uso, vifungo vya shati na mkunjo wa blanketi. Wa 1/72 anakupa nafasi ya kuweka watu wengi bila kumaliza meza.

Sasa hapa ndipo wengi huchomeka. Mtu anasema, "Mimi nataka kujenga vita vyote!" Chukua kalamu. Ubao wa sentimita 30 kwa 20, karibu na ukubwa wa karatasi ya A4, kwa skeli ya 1/35 ni uwanja wa mita kumi na nusu kwa mita saba. Handaki la mita 100 peke yake lingehitaji meza ya karibu mita tatu.

Maana yake ni kwamba hujengi vita. Unajenga hatua chache za njia, dakika moja ya siku moja. Mmarekani Shepard Paine, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1980 kuhusu kujenga daiorama bado kinasomwa na wajenzi, alisisitiza jambo hilo: daiorama lazima isimulie kisa. Mtu akiitazama aelewe nini kimetokea sasa hivi na nini kinakaribia kutokea. Swali ni je, katika vita virefu vya miaka minne, utachagua dakika gani? Na nani awe ndani yake?

Aliyewaudhi wakubwa

Swali la nani awe ndani lina historia yake, na si ya kuchekesha.

Mwaka wa 1830, ofisa wa jeshi la Uingereza aitwaye William Siborne alipewa kazi ya kujenga modeli ya vita vya Waterloo, vile vilivyomwangusha Napoleon mwaka wa 1815. Jamaa hakuwa wa kubahatisha. Alihamia kwenye shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja wenyewe wa vita, akakaa miezi minane akipima mabonde na vilima. Kisha akawaandikia barua maofisa waliopigana huko. Ulikuwa umesimama wapi? Saa ngapi? Mbele yako kulikuwa na nani? Shambani kulikuwa na mmea gani?

Modeli ilionyeshwa London mwaka wa 1838, ikiwa na vikaragosi zaidi ya 70,000. Ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la jeshi, National Army Museum, jijini humo.

Lakini kulitokea balaa. Siborne alichagua saa ya jioni, wakati majeshi ya Prussia yalikuwa yamefika kwa wingi kuwasaidia Waingereza. Akawaweka pale walipoonekana kuwa kwa mujibu wa ushahidi wake. Duke wa Wellington, shujaa wa Waingereza, hakufurahia. Modeli ile ilionyesha kwamba ushindi haukuwa wake peke yake. Baada ya kusukumwa kwa miaka, Siborne aliondoa vikaragosi vingi vya Waprusi kwenye ubao wake.

Hebu fikiria hilo kidogo. Hakuna boliti iliyokosewa. Hakuna kofia iliyopakwa rangi isiyofaa. Ardhi ilikuwa sahihi mpaka kwenye mimea ya shambani. Na bado, kwa kutoa watu fulani tu, modeli ikaanza kusema kitu kingine.

Hilo ndilo jambo la kubeba akilini unapofungua kurasa za vita vyetu.

Kilima cha Salaita

Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza Ulaya, majeshi ya Wajerumani waliotawala Tanganyika yalivuka mpaka na kuteka Taveta. Yalikaa hapo mwaka mmoja na nusu. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi mwaka wa 1915 ili wapate kuwafikia.

Mashariki mwa mji wa Taveta kuna kilima kidogo kiitwacho Salaita. Si Mlima Kenya. Ni kichuguu tu ukilinganisha na Kilimanjaro iliyo nyuma yake. Lakini kimekaa pale pale kwenye njia, na Wajerumani walikuwa wamekishika.

Tarehe 12 Februari 1916, brigedi ya wanajeshi wa Afrika Kusini, waliokuwa wageni kabisa katika vichaka vya Taita, ilitumwa kukiteka. Mizinga ikapiga mahandaki yaliyoonekana kileleni. Kumbe yale yalikuwa danganya toto. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, wamefyeka kichaka mbele yao ili wamwone kila anayekuja. Bombomu zikafunguliwa. Brigedi ile ilipoteza zaidi ya watu 130 waliouawa, waliojeruhiwa au kupotea, ikarudi nyuma. Kikosi cha 130th Baluchis kutoka India, ambacho baadhi ya Waafrika Kusini hao walikidharau kwa rangi ya ngozi, ndicho kilichosaidia kuzuia mambo yasiharibike zaidi.

Mwezi uliofuata, Wajerumani walipoona kwamba wangezungukwa, walikihama kilima wenyewe. Vita vikasogea kusini, vikapita Moshi, Morogoro, Rufiji, Msumbiji, hadi Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha huko Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Hiyo ni wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Kwa mjenzi wa modeli, Salaita ni tamu. Kuna handaki la uongo juu na la kweli chini. Kuna Waafrika Kusini, Wahindi, Waingereza, Wajerumani na Waafrika wa pande zote mbili. Kuna mibuyu. Ukimaliza kusoma habari zake utataka kuanza kesho asubuhi.

Subiri kidogo.

Hesabu ya kilo 25

Jiulize, wale wote walikula nini? Risasi zilifikaje? Maji je?

Reli ilifika mahali ikakoma. Magari yalikuwa machache na barabara mbovu. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kutokana na ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu.

Fanya hesabu hii. Mpagazi mmoja anabeba kilo 25 hivi. Kwa siku anahitaji karibu kilo moja ya chakula. Ukimtuma mwendo wa siku 12 kwenda na siku 12 kurudi, na njiani hakuna cha kununua wala cha kuvuna, amekula kilo 24. Yaani amefika mstari wa mbele na kilo moja tu ya kumkabidhi mwanajeshi! Ndiyo maana kila vita viliposonga mbele, idadi ya wapagazi iliongezeka kwa kasi kuliko ya wanajeshi.

Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza pekee ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Waliokufa hukadiriwa kuwa 95,000 au zaidi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Wengine walipewa unga wa mahindi bila sufuria za kutosha wala muda wa kuupika ukaiva, tumbo likakataa.

Na usidhani wote walijitolea. Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwashurutisha, na mwaka wa 1917 ikafanya msako mkubwa wa kuwaandikisha watu kote nchini, ukisimamiwa na John Ainsworth. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa watu ukaligeuza jina hilo. Ndiyo Kariakor yetu ya Nairobi, pale unapoenda kula nyama choma na kununua vyondo. Ndiyo Kariakoo ya Dar es Salaam pia.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri mambo mazito. Watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakitumikia Uingereza katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Soma tena. Hawana kaburi lenye jina. Kwa wengi hakuna hata orodha.

Sasa rudi kwenye ubao wako wa A4. Ukijenga Salaita yenye kofia sahihi, bunduki sahihi na udongo sahihi, lakini isiyo na mpagazi hata mmoja, umefanya kile alicholazimika kufanya Siborne. Tofauti ni kwamba wewe hakuna Duke aliyekusukuma.

Dakika ya kujenga

Ushauri wetu ni huu: kwa kazi yako ya kwanza, usijenge shambulio. Jenga njia.

Mita kumi na nusu za njia kavu katika kichaka cha Taveta, Februari 1916. Ukiwapanga wapagazi kwa nafasi ya mita moja na nusu kati yao, wanatosha saba. Mbele yao, askari mmoja wa King's African Rifles. Nyuma, pengo. Mzigo umewekwa chini kando ya njia, na hakuna aliyeubeba. Mtazamaji atauliza mwenyewe: mwenye mzigo huu yuko wapi? Hicho ndicho kisa, na hujaandika neno hata moja.

Utafiti uanze hivi. Ukiwa Nairobi, simama kwenye sanamu ya Askari Monument pale Kenyatta Avenue. Ilizinduliwa mwaka wa 1928, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Kuna wanaume watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Watu hupita hapo kila siku wakikimbilia matatu bila kumtazama. Mpige picha kutoka pande zote.

Kisha nenda Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue. Mtandaoni, Imperial War Museums ya London ina picha nyingi za vita vya Afrika Mashariki ambazo unaweza kuzitazama bure. Angalia mambo madogo: mzigo umefungwaje? Umekaa kichwani au begani? Miguu ina nini?

Ukiwa Mombasa, una bahati. Ndani ya Fort Jesus kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mnamo Julai 1915. Wajerumani waliivua meli hiyo mizinga yake kumi, wakaiburuta nchi kavu kwa nguvu za mamia ya watu, wakaitumia hadi mmoja baada ya mwingine ikaharibika au kutekwa. Beba futi ya fundi cherehani, uliza ruhusa, pima. Tundu la mtutu ni sentimita 10.5. Kwa 1/35 hiyo ni milimita tatu kamili. Urefu wa mtutu, kama mita 4.2, unakuwa sentimita 12. Bomba la biro litakutosha kuanzia.

Tarehe nayo ina kazi yake. Mwanzoni mwa vita, askari wengi wa Wajerumani walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka wa 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Kila wakifyatua, wingu la moshi liliwaumbua. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya na kuwaletea bunduki za kisasa. Kwa hivyo daiorama ya Tanga, Novemba 1914, inaruhusu pamba nyingi ya moshi. Ya Salaita, 1916, ni mchanganyiko.

Na kwa kuwa ni Februari, mvua za masika bado. Usiweke nyasi za kijani kibichi kama uwanja wa Nyayo. Weka vumbi.

Vifaa vya mtaani

Vifaa vya wajenzi wa Ulaya huagizwa mtandaoni, na ushuru wake unaweza kukutoa machozi. Usihofu. Karibu kila kitu kinapatikana hapa.

Ardhi: Ile povu nyeupe inayokuja na televisheni mpya. Ikate kwa kisu kikali, ubandike vipande kwa gundi nyeupe ya seremala. Onyo: usitumie supagluu wala rangi ya kopo la kupuliza moja kwa moja juu ya povu hiyo. Itayeyuka mbele ya macho yako. Ifunike kwanza kwa karatasi za gazeti zilizoloweshwa gundi nyeupe na maji, iache ikauke usiku mzima.

Udongo: Ukiwa na jamaa wa Voi au Maktau, mwombe gunia dogo la udongo. Uanike, uuchuje kwa kichujio cha chai. Mwaga juu ya gundi mbichi. Hakuna rangi ya dukani inayoushinda.

Nyasi: Kamba ya katani. Taita-Taveta ni nchi ya mkonge, kwa hivyo ni kama umeitoa pale pale. Ikate vipande vya sentimita moja, ufumue nyuzi, uchomeke kwa mafungu.

Miti: Vijizizi vikavu vya mimea hufanana ajabu na miti ya miiba. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikauka vizuri, yanakuwa majani yaliyoanguka chini ya mti.

Watu: Hapa ndipo kazi ilipo. Wanajeshi wa plastiki wa Waingereza na Wajerumani utawapata ukitafuta. Mpagazi wa Kariakor wa 1/35 ni vigumu kumpata dukani, kwa hivyo utamuumba. Kunja waya wa shaba uliotolewa kwenye kebo kuu ya stima: miguu, uti wa mgongo, mikono. Mwili uujaze kwa puti ya epoksi, ile ya sehemu mbili wanayouza hadiwea kuzibia mabomba. Una nusu saa hivi kabla haijakauka, kwa hivyo fanya kiungo kimoja kwa wakati. Blanketi utalipata kwa karatasi ya shashi iliyoloweshwa gundi.

Uangalie shingo. Mtu aliyebeba kilo 25 kichwani hasimami kama askari wa gwaride. Shingo imenyooka, mgongo umekaza, magoti yamelegea kidogo, mkono mmoja umepanda kushika mzigo. Kama hujui, muulize mama anayebeba maji, au mbebaji wa pale Marikiti. Wao ni walimu kuliko YouTube.

Rangi ya ngozi: Mafunzo mengi ya mtandaoni hufundisha ngozi ya Mzungu. Usianze na nyeusi, maana uso utapotea. Anza na kahawia nzito yenye uwekundu kidogo, kisha uipandishe taratibu kwenye paji la uso, mashavu na mabega. Na usiwapake wote saba rangi moja. Angalia watu kumi kwenye steji ya matatu, utaelewa.

Mwisho kabisa, paka uchakavu. Chovya brashi, ifute kwenye karatasi hadi ibaki karibu kavu, kisha ipitishe kwa wepesi juu ya kingo. Vumbi la udongo ule ule wa Voi lipake kuanzia nyayo hadi magotini. Mtu aliyetembea wiki mbili hana nguo safi.

Fungua madirisha unapopaka rangi, vaa barakoa unapopiga msasa. Mapafu hayana skeli.

Kuwa mkweli bila kujifanya

Kuna maswali ambayo hata wajenzi wakongwe hubishania. Je, kujenga vita ni kuvisifu? Inategemea umejenga nini. Bunduki inayong'aa bila mtu aliyeumizwa nayo ni tangazo la biashara. Njia yenye mzigo ulioachwa ni kitu kingine.

Jambo la pili ni kujua mpaka wa unachojua. Picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, kwa hivyo rangi ya blanketi huenda usiithibitishe. Wajenzi wazuri huweka kadi ndogo pembeni: hili limetoka kwenye picha, hili limepimwa kwenye kitu chenyewe, hili ni makisio yangu. Kadi hiyo haipunguzi kazi yako. Inamfanya mtazamaji akuamini kwenye yale mengine.

Jambo la tatu ni nyumbani kwako. Kabla ya kumpa kikaragosi chako sura, piga simu ushago. Uliza kama kuna mzee wa ukoo aliyechukuliwa "wakati wa Kariakor". Familia nyingi za Ukambani, Kavirondo ya zamani, Mlima Kenya, Taita na pwani zina hadithi ya mtu aliyeenda na hakurudi. Pengine utapata jina tu. Pengine hata jina halipo, kuna msemo tu kwamba alienda na Wazungu. Liandike hata hivyo, pamoja na jina la aliyekusimulia na tarehe. Aliyekusimulia huenda ndiye wa mwisho anayelijua.

Ukilipata jina, usilitundike kwenye uso uliouchonga wewe kana kwamba ndio wake. Liandike chini ya ubao, mahali pa msingi, kwa wino usiofutika.

Mwenye mdogo wake shuleni anajua miradi ya CBC inavyowatesa wazazi usiku wa Jumapili. Huu hapa ni mradi mmoja ambao mwalimu wa historia hataukataa. Mkiwa vijana wanne mtaani, gawaneni: mmoja ardhi, mmoja watu, mmoja mizigo, mmoja azungumze na wazee. Kwa saa mbili kila Jumamosi, mnaweza kuumaliza ndani ya miezi miwili au mitatu.

Anza leo na mmoja. Waya wa sentimita kumi, puti kidogo, na mzigo: boksi la risasi la nusu mita ni milimita 14 tu, kipande cha kijiti cha ice cream kinatosha. Akisimama peke yake mezani kwako usiku, ameinua mkono kushika boksi lake, utajua wa pili anafaa kutembea nyuma yake kwa umbali gani.